Kalamu, Kura na Bastola ya Mitutu Minne

Jioni ya Alhamisi, Januari 27, 1870, mbunge wa miaka 22 alitoka katika ukumbi wa hoteli ya Schmidt, mjini Jefferson City, makao makuu ya jimbo la Missouri. Alikuwa ameitwa mwongo mbele ya watu. Alikwenda moja kwa moja chumbani alikopanga, akachukua bastola ndogo ya mitutu minne, akaanza kurudi alikotoka.

Inasimuliwa kwamba njiani alikutana na mwandishi wa habari aliyekuwa akiondoka zake. Akamsimamisha. Akamwambia arudi hotelini, kuna habari ataipata.

Ni wiki kadhaa sasa maneno hayo hayajaniachia.

Risasi ninaielewa. Missouri ilikuwa imetoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka mitano tu nyuma, na kijana wa miaka 22 aliyetukanwa hadharani ni yuleyule popote utakapomkuta. Lakini huyu, damu ikiwa imemchemka na bastola iko mfukoni, bado anamfikiria mwenzake wa kalamu asije akapitwa na habari. Na habari yenyewe ni yeye.

Jina lake Joseph Pulitzer. Ndiyo, yule wa tuzo za uandishi wa habari.

## Alibeba boksi

Waliozoea hadithi za ndugu zetu walioko ughaibuni hawatashangazwa na miaka yake ya mwanzo. Alizaliwa Makó, Hungaria, Aprili 10, 1847, katika familia ya Kiyahudi ya wafanyabiashara. Baba akafa, biashara ikafa. Kijana akajaribu jeshi la Austria, wakamkataa: mwili dhaifu, macho mabovu. Huko Hamburg akakutana na watu waliokuwa wakisajili askari kwa ajili ya vita vya Marekani. Hao macho hawakuyapima.

Alipofika bandari ya Boston mwaka 1864 aligundua kwamba posho ya kujiunga na jeshi ingeishia mikononi mwa mawakala waliomleta. Akawatoroka, akaenda New York, akajisajili mwenyewe kwenye kikosi cha wapanda farasi, na hela ikaingia mfukoni mwake. Ana miaka 17, Kiingereza hana, ila hesabu ya nani anakula wapi ameshaipiga.

Vita ikaisha. Kazi hakuna. Akadandia treni mpaka ukingo wa mto Mississippi, na mwenyewe alisimulia kwamba nauli ya kivuko aliilipa kwa kuchochea moto wa boila. Ng'ambo ya mto ulikuwa mji wa St. Louis, mji uliojaa Wajerumani, na Kijerumani alikuwa nacho. Huko akabeba boksi kama wabebavyo wote: akatunza nyumbu kwa siku chache, akawa mhudumu wa mgahawa, akafanya vibarua vya kila namna.

Halafu kuna mkasa wa dola 5. Yeye na makumi ya wenzake walimlipa dalali mmoja dola 5 kila mtu, kwa ahadi ya kazi nzuri kwenye mashamba ya miwa ya Louisiana. Wakapakiwa kwenye meli ndogo, wakashushwa maili kama 30 kusini mwa mji, karibu kilomita 50, meli ikageuza. Mwenye ndugu aliyewahi kumlipa wakala wa kazi za Uarabuni anaujua wimbo huu, tofauti ni bei tu.

Walirudi kwa miguu. Wengine walirudi na hasira. Pulitzer alirudi akaandika, na gazeti la Kijerumani liitwalo Westliche Post likachapa.

Hiyo inatajwa kuwa habari yake ya kwanza kuchapwa. Itazame ilivyo: ana ushahidi kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeibiwa. Tangu siku ya kwanza mwandishi na mwenye kesi walikuwa mtu mmoja.

## Kura 209

Machi 6, 1867 akapata uraia. Kiingereza alijifunzia kwenye maktaba ya Mercantile, ambayo ilikuwa na chumba cha sataranji, na chumba hicho kilimsaidia kuliko chuo. Wahariri na mawakili walikuja kucheza, yeye alicheza nao. Mwaka 1868 akaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili, lakini nani ampe kesi kijana mrefu mwembamba mwenye lafudhi ile? Mwishoni mwa mwaka huo Westliche Post wakamwajiri awe ripota.

Maripota wa magazeti ya Kiingereza walimcheka. Alikuwa na pua ndefu, koti lililomkaa vibaya, na tabia ya kuuliza maswali mengi kuliko heshima inavyoruhusu. Baada ya muda wahariri wao wakaanza kuwauliza kwa nini habari wanazisoma kwanza kwenye gazeti la Kijerumani.

Desemba 14, 1869, chama cha Republican kilikutana katika ukumbi wa klabu ya mazoezi ya Wajerumani kutafuta mgombea wa kiti kilichokuwa wazi katika bunge la jimbo. Waliyemtaka akakataa. Wakamgeukia Pulitzer, wakampitisha bila kupingwa. Hakuwa ametimiza umri uliotakiwa kisheria. Ama walisahau, ama walijifanya wamesahau. Mpinzani wake kutoka Democratic naye alikuwa na kasoro yake: inasemekana alipigana upande wa Kusini, yaani wa waasi, na Missouri ya wakati ule mtu wa namna hiyo hakuruhusiwa kushika madaraka. Basi kila upande ulikuwa na sababu ya kunyamaza.

Uchaguzi ulikuwa Desemba 21. Siku saba za kampeni. Pulitzer akapita nyumba kwa nyumba, akafanya mikutano ya barabarani, watu wakaja nusu kumsikiliza na nusu kumshangaa. Matokeo: 209 kwa 147.

Jumla kura 356! Hapo usicheke haraka. Katiba ya Missouri ya mwaka 1865 ilitaka mpigakura ale kiapo kirefu kwamba hakuwahi kuwaunga mkono waasi kwa namna yoyote, na palikuwa na wasimamizi wa uandikishaji wenye mamlaka ya kukata jina. Daftari likishakuwa jembamba, kura 62 za tofauti ni ushindi mnono.

Kumbuka cheo hicho, msimamizi wa uandikishaji. Kitarudi.

## Mahakama isiyokuwa mahakama

Bunge lilianza Januari 5, 1870. Pulitzer akahamia Jefferson City, kama kilomita 200 magharibi mwa St. Louis, na kazi ya uandishi hakuiacha. Mchana alikaa kitini kama mbunge. Jioni aliwaandikia wasomaji wa Westliche Post habari za bunge hilohilo.

Muswada wake ulilenga kitu kilichoitwa Mahakama ya Kaunti ya St. Louis. Jina linapotosha. Haikuwa inahukumu watu, ilikuwa inaendesha kaunti: barabara, majengo, mishahara, na kubwa kuliko yote, kandarasi. Fikiria halmashauri iliyopewa jina la mahakama, na waheshimiwa wake wakaitwa majaji. Pulitzer alitaka ifutwe.

Kwa nini yeye? Kwa sababu aliijua kwa ndani. Habari za kaunti zilikuwa sehemu ya kazi yake ya uripota, na ripota anayekaa kwenye vikao vya kandarasi kwa mwaka mzima hujifunza mambo ambayo hayamo kwenye kumbukumbu za kikao: nani huja na makadirio yaliyokwisha kukubaliwa, nani anapewa nyongeza kila jengo linapofika usawa wa paa, nani anakagua kazi ya shemeji yake. Kwenye kandarasi za serikali wizi haukai kwenye bei ya mwanzo. Hukaa kwenye nyongeza, ambazo hupitishwa kimyakimya kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana ameliacha jengo bila paa.

Mojawapo ya miradi iliyokuwa mezani ilikuwa hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili ya kaunti. Aliyekuwa na kandarasi humo ni Edward Augustine. Na huyu Augustine, mbali na ukandarasi, alikuwa pia msimamizi wa uandikishaji wa wapigakura katika kaunti ya St. Louis.

Mkono mmoja unajenga, mkono wa pili unashika daftari la wapigakura. Alikuja Jefferson City kuupigia debe upande wa kaunti, muswada usipite.

Pulitzer akaandika gazetini. Augustine akasoma. Wakakutana kwa Schmidt.

## Ukumbini

Bwana Augustine alikuwa mtu wa mwili mkubwa. Akamwita mbunge mwongo, kwa maneno makali kuliko hayo, mbele ya wageni wa hoteli ambao wengi wao walikuwa wabunge. Pulitzer akaondoka.

Aliporudi ugomvi ukaanza upya. Augustine akamwendea. Pulitzer akatoa bastola. Augustine akamrukia, wakashikana, na katika purukushani hiyo bastola ikalia mara mbili. Risasi moja ilimpiga Augustine mguuni, kwenye goti, na ya pili ikaingia sakafuni. Pulitzer akaondoka na jeraha la kichwa. Kama Augustine naye alikuwa na kitu mkononi au hakuwa nacho, walioshuhudia hawakukubaliana.

Alishitakiwa. Kesi ilivutwa muda mrefu, mwisho akatozwa faini, na marafiki wakamchangia fedha. Kiti hakukipoteza kwa ajili ya risasi. Alikipoteza kwenye uchaguzi wa Novemba mwaka uleule, kwa kura.

Risasi ililia siku 22 tangu bunge lianze. Umri miaka 22.

## Kofia mbili

Tanzania tumelijadili sana suala la kofia mbili, za uenyekiti wa chama na urais, kiasi kwamba neno lenyewe limechakaa. Lakini kwa Pulitzer bado linafanya kazi, kwa hiyo niruhusiwe kulitumia.

Jiweke mahali pa Augustine kwa dakika moja, hata kama humpendi. Gazeti limekuandika. Kwa kawaida una milango miwili. Unaweza kwenda kwa mbunge wako ukamwambia, mheshimiwa, gazeti limenionea. Au kama ni mbunge aliyekuonea, unaweza kwenda gazetini ukaomba nafasi ya kujibu. Sasa fungua mlango wa kwanza: ndani kakaa Pulitzer. Fungua wa pili: Pulitzer.

Hapo mtu anabaki na ukumbi wa hoteli.

Simtetei. Ninachojaribu kuona ni kilichovunjika, na wapi. Naona vitu viwili.

Cha kwanza ni kinga. Neno linalosemwa ndani ya bunge lina ulinzi, mbunge hashitakiwi kwa alichokisema akichangia hoja. Neno lilelile likichapwa gazetini linasimama uchi. Pulitzer angeweza kusimama ukumbini mwa bunge akasema kila alichokijua kuhusu kandarasi ile, na Augustine angekuwa na kazi ya kujibu hoja. Badala yake alipeleka shutuma za mbunge kwenye safu ya ripota. Akazipoteza kinga zote mbili: ya bunge, na ile ya ripota, ambayo haijaandikwa kwenye sheria yoyote, yaani kuaminika kwamba huna kitu unachokigombania.

Cha pili ni vyanzo. Ripota huishi kwa watu wanaomnong'oneza. Ukishakuwa na kura, anayekunong'oneza anakununua kidogo. Karani wa kaunti anayekupa nakala ya hati za malipo hajui tena kama amempa mwandishi atakayemficha au mwanasiasa atakayemtaja. Na wewe mwenyewe, ukiipata hati inayoudhoofisha muswada wako, utaichapa?

Nimeliuliza swali hilo mara nyingi. Sidhani kijana yule angeichapa.

## Upande wa pili

Kisha najipinga.

Kwanza, nani mwingine angeupeleka muswada ule? Wabunge wengi waliokaa Jefferson City hawakujua malipo ya hospitali ile yalivyokwenda. Aliyejua ni ripota wa gazeti la lugha ya kigeni. Ujuzi wake haukuwa kasoro ya ubunge wake, ulikuwa ndio mtaji. Kwetu nako tumeona wapigakura wakifikiri hivyo: Saidi Kubenea wa gazeti la MwanaHalisi alipelekwa bungeni na Ubungo mwaka 2015, na kwa jirani zetu Kenya, Mohammed Ali wa Jicho Pevu, kipindi cha runinga cha uchunguzi, akapelekwa na Nyali mwaka 2017. Watu hawakuwachagua licha ya uandishi wao. Waliwachagua kwa ajili yake.

Pili, namhukumu kwa kipimo ambacho wakati wake hakikuwapo. Carl Schurz, mmoja wa wamiliki wa Westliche Post, bosi wake Pulitzer, alikuwa seneta wa Marekani kuanzia mwaka 1869 akiwa bado na hisa kwenye gazeti. Henry Raymond, mmoja wa waanzilishi wa New York Times, alikuwa spika wa bunge la jimbo la New York mwaka uleule gazeti lilipoanza, 1851, na baadaye akaenda bungeni Washington. Horace Greeley wa New York Tribune aligombea urais mwaka 1872, na Pulitzer alikuwa katibu wa mkutano uliomteua. Gazeti bila chama lilikuwa kama daladala bila konda.

Kwa hiyo kijana hakuvunja mwiko. Mwiko haukuwapo.

Hoja hii karibu inishinde. Ninayoyajua kuhusu miaka iliyofuata ndiyo yaliyonirudisha, kwa sababu Pulitzer mwenyewe hakuridhika, ingawa alichukua muda mrefu mno kuonyesha.

## Orodha ya kodi

Muda huo mrefu niupite haraka. Mwaka 1872 akateuliwa kamishna wa polisi St. Louis, huku akiwa mwanahabari. Mwaka huohuo akapata hisa Westliche Post, mwaka uliofuata akaziuza kwa faida. Mwaka 1875 alikuwa mjumbe wa mkutano wa kuandika katiba mpya ya Missouri. Bado kofia juu ya kofia.

Desemba 9, 1878 alinunua kwa mnada gazeti lililofilisika, St. Louis Dispatch, kwa dola 2,500. Siku tatu baadaye likaungana na gazeti jingine la mji huo, Post, likawa Post-Dispatch.

Na hapo alifanya jambo ambalo, kwa macho yangu, lina uzito kuliko muswada wake wa mwaka 1870. Alichapa taarifa za kodi za matajiri wa mji. Jina, na mali aliyotangaza mtu huyo mbele ya wakadiriaji. Mstari baada ya mstari.

Ufundi wake ni mdogo hata kuuona. Rekodi za kodi zilikuwa za umma, yeyote angeweza kwenda kuzisoma, lakini hakuna aliyekwenda. Kazi ya gazeti ilikuwa kuzinakili kwa usahihi na kuzipanga. Hakuna haja ya kumwita mtu mwizi. Msomaji anayepita kila siku mbele ya jumba la bwana fulani, anayejua idadi ya farasi wake, anaona kwenye gazeti kwamba bwana huyo ametangaza fedha kidogo kuliko muuza duka wa mtaani. Hesabu anaifanya mwenyewe. Na anayetajwa hana wa kumwita mwongo, kwa sababu tarakimu ni za kwake, alizisaini.

Linganisha na Augustine. Mwaka 1870 Pulitzer alikuwa na kiti, kura na muswada, na alichokipata ni tundu kwenye sakafu ya hoteli. Mwaka 1879 hakuwa na cheo kwenye bunge lolote, alikuwa na karani wa kunakili rekodi, na mji mzima ukaamka.

Ningependa kuishia hapo, ionekane amejifunza.

Oktoba 13, 1882, mhariri wake mkuu, John Cockerill, alimpiga risasi wakili Alonzo Slayback ndani ya ofisi ya Post-Dispatch. Slayback alikuja juu kwa hasira ya kilichoandikwa. Safari hii haikuwa goti. Alikufa. Baraza la mahakama halikumfungulia Cockerill mashitaka, likikubali hoja ya kujitetea, lakini wasomaji na watangazaji wakaanza kulikimbia gazeti, na miezi michache baadaye Pulitzer akawa anatafuta maisha New York.

Alikuwa ameivua kofia ya ubunge, na bastola ikalia tena. Jambo hili linaniharibia nadharia yangu, na siwezi kulificha. Labda hasira ile haikuletwa na kiti. Labda ilikuwa kwenye namna ya uandishi wenyewe, ule unaomtaja mtu kwa jina na kumsukuma mpaka ukutani.

## Majina ya wachangiaji

Mei 1883 akanunua New York World kutoka kwa Jay Gould, tajiri wa reli, kwa dola 346,000. Gazeti lilikuwa linachapa nakala kama 15,000. Katika muda usiofika miaka miwili likapita 100,000. Novemba 1884 gazeti hilo likampigania Grover Cleveland, aliyelichukua jimbo la New York, na urais pamoja nalo, kwa tofauti isiyofika kura 1,200. Siku hiyohiyo Pulitzer mwenyewe akachaguliwa mbunge wa Bunge la Wawakilishi Washington.

Ndiyo. Tena.

Kipindi chake kilianza Machi 4, 1885. Wakati ule sanamu ya Uhuru ilikuwa tayari imeshaundwa Ufaransa, lakini msingi wa kuisimamishia bandarini New York ulikwama kwa ukosefu wa kama dola 100,000. Cleveland, alipokuwa gavana, aliukataa muswada wa kutoa dola 50,000 za jimbo. Bunge la Washington nalo halikutoa.

Siku 12 baada ya kipindi chake kuanza, Machi 16, Pulitzer akafungua mchango kupitia World. Mpango ulikuwa hivi: toa ulichonacho, hata senti tano, na jina lako litachapwa. La mtoto litachapwa, la mfua nguo litachapwa, pamoja na maneno machache kama umeandika barua. Aliyetoa senti tano alinunua gazeti ajione, kisha akanunua la jirani yake aliyetoa baada yake. Mchango ukawa unalilisha gazeti, na gazeti likawa linaulisha mchango. Sitajifanya sioni biashara ndani yake.

Agosti 11 gazeti likatangaza kwamba dola 100,000 zimetimia. Waliochangia walizidi watu 120,000, wengi wao wametoa chini ya dola moja. Mbunge aliyechaguliwa, mhamiaji aliyewahi kulala St. Louis bila kazi, alikuwa amepata kupitia gazeti kitu ambacho bunge lake lilikuwa limekinyima, na hakuwa hata amehudhuria kikao kimoja, kwa kuwa bunge jipya lilikuwa halijakutana.

Lilikutana Desemba. Alionekana huko kwa nadra. Kamati, safari za treni kati ya New York na Washington, barua za watu wanaotaka vyeo, na usiku simu za maandishi kutoka chumba cha habari. Macho yaliyokataliwa na jeshi la Austria yalikuwa yanazidi kuharibika, na miaka michache baadaye yangekaribia kuzimika kabisa.

## Aprili 10

Alijiuzulu Aprili 10, 1886, siku aliyotimiza miaka 39. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kikazi: majukumu mawili hayafanyiki na mtu mmoja. Hakugombea tena kiti chochote. Mwaka 1907, akistaafu, aliandika kwamba gazeti lake lisiwe kamwe la chama chochote. Alipokufa mwaka 1911, ndani ya boti yake katika bandari ya Charleston, wosia wake ulikuwa na dola milioni 2 kwa chuo kikuu cha Columbia, na tuzo tunazozijua zikaanza kutolewa mwaka 1917.

Wengi wanaoandika habari zake humalizia kwenye tuzo. Mimi bado nimeshikwa na kile kiti cha New York alichokiacha wazi.

Kilijazwa Novemba 1886. Wapigakura walikuwa na miezi kadhaa ya kufikiri, na mfano wa mtu aliyekiri kwamba kazi hizo mbili hazikai pamoja. Wakamchagua Samuel Cox, aliyekuwa amerudi tu kutoka ubalozini Istanbul. Cox alikuwa na jina la utani, "Sunset", yaani Machweo. Alilipata miaka ya 1850 huko Columbus, Ohio, kwa makala ndefu yenye madoido aliyoiandika kuhusu jua la magharibi. Wakati huo alikuwa mhariri na mmiliki wa gazeti.